MGENI WA MWISHO WA MASIKA

Mwezi wa Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kupita yote katika visiwa vyetu, na zinapofika siku za mwisho za Mei masika huanza kulegea. Mvua iliyokuwa ikinyesha kutwa kucha hubaki kunyesha alfajiri, na kufika saa tatu jua limekwisha toka. Upepo wa kusi hutengemaa, joto hupungua, na baridi ya kipupwe huanza kubisha hodi. Katika siku hizo hizo, hoteli zilizofunga milango tangu kuanza kwa mvua hupaka kuta zake chokaa, na gari za wageni huonekana tena katika njia za kwendea Paje na Nungwi. Leo tunataka kusema neno juu ya mgeni huyo ajaye mwisho wa masika; kwani twaamini ya kwamba yeye ni mgeni wa kheri nyingi kwetu, nasi hatujamwandalia mapokezi yanayomstahiki, wala hatujawatendea haki wale watakaompokea.

Wahenga wetu wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Inatupasa tujiulize bila ya hasira wala upendeleo: je, mwenyeji anapona? Mwaka 2024 walifika Zanzibar wageni zaidi ya 700,000, na sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu wenyeji 1,889,773. Maana yake ni kwamba kwa kila wenyeji watano huja kiasi cha wageni wawili. Hiyo si neema ndogo, wala hatumo miongoni mwa wanaoibeza. Lakini neema hii haikugawika sawa katika miezi ya mwaka. Hufurika Julai na Agosti, hufurika tena mwisho wa mwaka, na hukauka Aprili na Mei kama kisima cha maweni wakati wa kiangazi.

Atakaye kuujua ukweli wa miezi hiyo miwili asiridhike na hesabu za maofisini peke yake. Na aende katika duka lolote la vijiji vya pwani aombe kuonyeshwa daftari la mkopo. Sisi tunaouza mchele, unga na sukari twalijua daftari hilo vyema. Mwezi wa Februari ukurasa mmoja hutosha wiki nzima. Mwezi wa Mei ukurasa haumalizi siku mbili. Kwanza hukopwa mchele kilo tano, kisha kilo mbili, kisha nusu. Na sukari ikawa ya robo robo. Mtu aliyekuwa akija dukani mwenyewe, akisalimia watu na kucheka nao barazani, huanza kumtuma mtoto. Mtoto huyo akija huku akitazama chini, sisi hatuna haja ya kumuuliza. Twajua kwamba baba yake au mama yake ameambiwa na hoteli arudi nyumbani mpaka atakapoitwa, na hakupewa cha kusubiria.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mvua, na mvua ni amri ya Mwenyezi Mungu. Sisi twasema mvua haina kosa. Tangu enzi za mababu, visiwa hivi vimeishi kwa majira ya wageni. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na kusi ilipoanza kuvuma majahazi yakarejea kwao. Neno letu la msimu limetokana na Kiarabu, kwa maana ya majira, na Wazungu nao wakalichukua kuziita pepo hizi hizi. Basi masika yalipoingia kisiwa kiliagana na wageni wake, lakini hakikukaa bure, maana masika yalikuwa ndiyo majira ya jembe. Mpunga ulikuwa mabondeni. Muhogo, kunde na choroko zilikuwa maweni. Mkono uliopumzika bandarini ulishughulika shambani.

Leo mambo yamebadilika. Kwa sheria ya mwaka 1992 ardhi yote ni mali ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais. Kipande cha pwani kikishakodishwa kwa mwekezaji kwa miaka mingi hakilimwi tena muhogo. Kijana ambaye konde ya babu yake imekuwa bustani ya hoteli hana tena jembe la kukimbilia mvua inaponyesha. Msimu wa wageni ukifunga, rizki yake imefungwa pamoja nao. Hili ndilo jambo jipya, na hili halikuteremka na mvua. Limetengenezwa na watu, na watu waweza kulitengeneza upya.

Ndiyo maana twamthamini mgeni wa mwisho wa masika. Shilingi yake ndiyo ya kwanza kuingia baada ya ukame. Humfikia mpishi, mpishi akalipa dukani, mwenye duka akalipa deni la jumla Darajani, na wote wakalala usingizi. Shilingi ya Agosti hukuta shilingi nyingine nyingi zimeitangulia. Shilingi ya Juni hukuta watu wanaoingoja.

Lakini haifai tumuite mgeni kwa uongo. Na aambiwe kweli kabla hajapanda ndege. Mvua ya saa moja au mbili yaweza kumkuta hata mwezi wa Juni. Bahari ya karibu na Mji Mkongwe haijawa safi upesi, kwa sababu ya maji yaliyoteremka mitaroni, na mzamiaji hataona mbali kama aonavyo wakati wa kaskazi. Pwani ya mashariki, kuanzia Paje na Bwejuu mpaka Jambiani, hupigwa na kusi, na kusi hutupa majani ya baharini juu ya mchanga. Huko maji yakitoka hutoka mbali sana, na atakaye kuogelea hana budi kungoja yajae. Asiyetaka kungoja na aende Nungwi au Kendwa, ambako maji hayatoki mbali.

Akishaambiwa hayo, na aambiwe pia atakayoyapata. Atakikuta kisiwa ni kijani kitupu, na machungwa yamepangwa mafungu mafungu kando ya njia. Ataingia msitu wa Jozani, ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, naye atamtazama kima punju, mnyama ambaye asili yake haiko popote duniani isipokuwa Unguja. Atapita vichochoro vya Mji Mkongwe, uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, bila ya kusukumana na mtu. Maji ya bamvua yakitoka atawaona mama zetu wakishughulikia mashamba yao ya mwani, kilimo cha biashara walichokianza mwaka 1989. Na akiweza kukawia mpaka Julai, Makunduchi watamkaribisha katika Mwaka Kogwa. Zaidi ya yote, atakuta watu wana nafasi ya kuzungumza naye. Mwezi wa Agosti mgeni huhudumiwa. Mwezi wa Juni hujuulikana hata jina.

Sasa tuna maneno kwa pande tatu.

Kwanza, kwa wenye hoteli. Hatuwaambii wafungue vyumba mia kwa ajili ya wageni watatu. Twawaambia kwamba mtu aliyekutumikieni miezi kumi, mkafaidi kwa mikono yake, hapasi kutupwa miezi miwili kama mwavuli uliovunjika. Mpeni sehemu ya mshahara wake. Mfundisheni katika miezi hiyo lugha, upishi au ufundi, nanyi ndio mtakaofaidika akirudi. Mwandikieni siku ya kurejea, asibaki kuitazama simu yake mchana na usiku. Tuliosoma chuoni tulifundishwa tungali wadogo kwamba mfanyakazi hupewa haki yake kabla jasho lake halijakauka. Tusiingoje mvua ije kuliosha jasho hilo, kisha tukasema hatukuliona.

Pili, kwa Serikali. Sheria ya Ajira ipo tangu mwaka 2005. Tunataka wakaguzi wake waonekane katika hoteli mwezi wa Machi, kabla milango haijafungwa, wasome mikataba ya watu. Tunataka mitaro isafishwe kabla ya masika. Mwezi wa Mei 2017 maji yaliingia majumbani mwa watu Mjini, na funzo lile halikustahiki kusahauliwa. Na tuna swali moja tunaloomba lijibiwe. Tangu Oktoba 2024 mgeni mtu mzima atokaye nchi za nje hutakiwa alipe dola 44 za bima anapoingia Zanzibar. Anayekuja Agosti, wakati vyumba vimejaa, na anayekuja Mei, wakati vyumba ni vitupu, hutozwa sawasawa. Nini kingeharibika lau ajaye Aprili na Mei angelipa nusu, na ikatangazwa kwamba Zanzibar inawakaribisha wageni wa masika? Mfanyabiashara mdogo kabisa anajua kwamba bidhaa isiyotoka hupunguzwa bei. Haihitaji chuo kikuu kulijua hilo.

Tatu, kwa nafsi zetu sisi wenyeji. Kwani anyoosheaye wenzake kidole na aangalie vidole vingine vinamwelekea nani. Mgeni wa kwanza asitozwe madeni ya miezi miwili. Dereva anayemtoza mara tatu ya nauli, na mchuuzi anayemwandama pwani nzima mpaka akajifungia chumbani, wanamfukuza yeye na wale ambao angewaletea mwakani. Vile vile, Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka kumi na mitatu kabla ya Bara; lakini chupa za plastiki tunazozitupa mitaroni husukumwa na mvua mpaka baharini, na mwisho wa masika ndizo zinazotangulia kumpokea mgeni mchangani. Na sisi wenye maduka tusijitoe katika lawama. Wako miongoni mwetu wanaomwandikia mkopaji bei inayozidi ile ya mwenye taslimu, kwa kuwa wanajua hana pengine pa kwenda. Mwenye kuila shida ya jirani yake hana uso wa kumlaumu mwenye hoteli.

Basi twamwambia mgeni: karibu, na mvua ikikukuta njiani ingia katika baraza yoyote, utapewa mahali pa kukaa na kikombe cha chai. Na wakubwa wetu watakapokuja tena kutusomea idadi ya wageni wa mwaka, twawaomba waje na jibu la swali letu. Sisi tutakuwa tumeshika daftari letu. Siku ukurasa wa Mei utakapokuwa sawa na ukurasa wa Februari, na yule mtoto akaja dukani akiinua uso, siku hiyo tutakubali kwamba mgeni amekuja na mwenyeji amepona.