Unga wa Bakteria katika Bwawa la Samaki

Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kathiani huko Machakos, ametuletea swali. Mumewe amefufua bwawa la perege la mita 300 za mraba, kipimo kilekile kilichoenezwa na mpango wa serikali wa mwaka 2009 uliokusudia mabwawa 200 kwa kila jimbo katika majimbo 140. Sasa muuzaji wa chakula cha samaki anawahimiza wanunue unga uitwao probayotiki, yaani bakteria hai. Dada anauliza: je, samaki aliyelishwa bakteria ni halali kwa wanawe? Na je, fedha hiyo, iliyokuwa ya karo, itarudi?

Tuanze na uhalali. Samaki wa maji baridi ni halali kama wa bahari, na asili ya vitu ni twahara hadi ithibiti kinyume chake. Kila mama agandishaye maziwa kwa kijiko cha mtindi wa jana amekwisha kufuga bakteria hawa jikoni mwake. Linalostahili kuulizwa zaidi ni chakula chenyewe: kina damu ya machinjioni au mabaki ya nguruwe? Samaki aliyekula najisi hata nyama yake ikabadilika harufu, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba kumla ni makuruhu, na dawa yake ni kumweka katika maji safi na kumlisha chakula safi mpaka harufu iishe.

Wengine hutiwa shaka na samadi inayorutubisha bwawa. Bwawa hilo likiwa na kina cha mita moja lina lita 300,000, na kullatayni hukadiriwa lita 200 hivi au zaidi kidogo. Maji mengi kiasi hicho hayanajisiki ila yageuke rangi, ladha au harufu kwa ile najisi. Ukijani wa vimelea vya majini hauharibu twahara yake. Lakini yakinuka samadi, basi imezidi, na samaki nao watakuwa wanakosa hewa.

Ama faida, ipo. Bakteria wema hushika nafasi katika kuta za utumbo, wakawanyima wabaya makao na chakula. Wengine hutoa asidi kama ile ya mtindi, wengine vimeng'enya vinavyosaidia kusaga chakula. Kwa kuwa chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji wa samaki, tembe ikisagika vyema ndipo fedha inapookolewa. Jamii ya Bacillus hujifunga katika gamba gumu na kustahimili joto na ukavu. Jamii ya Lactobacillus hufa kwa moto, hivyo hunyunyizwa juu ya chakula kilichokwisha kupoa, pamoja na mafuta kidogo, kikaanikwa kivulini. Maji ya mfereji yenye klorini yasitumike kuukorogea, kwani klorini huua wema na wabaya pamoja.

Bali unga huu hauna uwezo juu ya baridi. Perege hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30, na Kathiani, chini ya vilima vya Iveti, mwezi wa Julai samaki hupunguza kula hata wakitiwa nini. Wala haufidii chakula duni, wala bwawa lililojaa samaki kupita kiasi mahali ambapo maji ya kubadilisha ni adimu. Kwa hiyo rai yetu: karo ilipwe kwanza. Kisha wanunue pakiti ndogo kabisa, watazame tarehe ya mwisho, na wakiwa na jirani mwenye vifaranga wa umri mmoja na wao, mmoja atie na mwingine asitie, wapime samaki kumi kumi kwa mizani kila mwezi.

Tunalolikataza ni kuwamwagia samaki viuavijasumu ili wanenepe, kisha kuwapeleka sokoni kabla ya dawa kutoka mwilini. Huko ni kumghushi mnunuzi, na ni kulea bakteria sugu watakaowarudia watoto wetu hospitalini.

Swali lake la pili, la zaka ya samaki wa biashara, tutalijibu juma lijalo inshallah.