Mbwa na Adabu Zetu

Msomaji, ukishuka garini mjini Voi ukapita kwa miguu katika mitaa ya Kaloleni, Mwakingali na Sofia, utaona juu ya milango ya nyua vibao vya bati vilivyoandikwa kwa rangi nyekundu maneno mawili: "Mbwa Kali". Mimi ni mwalimu wa lugha, na ugonjwa wa walimu wa lugha ni kwamba hawawezi kupita penye kosa bila kusimama. Basi nimesimama mara nyingi. Mbwa ni kiumbe chenye uhai, na sarufi yataka aitwe mkali. Pilipili ndiyo kali, na jua la Voi mwezi wa Februari ndilo kali. Mwenye kibao amemtia mbwa wake katika jamaa moja na pilipili. Zamani nilidhani kosa hili ni la kalamu tu. Siku hizi naamini kuwa mwandishi wa kibao alisema kweli ambayo hakuikusudia: katika nyua zetu nyingi mbwa hahesabiwi kuwa kiumbe. Ni chombo, kama kufuli na seng'enge.

Jambo hili ndilo nitakalo kulishtaki mbele yako, nawe uwe hakimu. Nakuonya tangu sasa kwamba mshtakiwa ni watu wa nyumba yako na ya kwangu.

Twaa mbwa wa nyumba yoyote ya kawaida. Usiku kucha hakulala. Fisi alilia upande wa mbuga, naye akamjibu. Mlevi alipotea njia akataka kuingia nyumba isiyo yake, naye akamsahihisha. Kulipokucha, baba wa nyumba alitoka nje. Sisi watu wa nchi hii twajivunia salamu. Hapana mtu wa Wundanyi au wa Mwatate awezaye kupishana na mwenzake asubuhi asimwulize ameamkaje, na watoto wameamkaje, na ng'ombe waendeleaje. Basi baba alimsalimu jirani, akamwuliza hali ya mke, hali ya mama mkwe, hata hali ya mbuzi aliyevunjika mguu. Mbwa naye alisimama akatikisa mkia, kwa kuwa salamu yake ndiyo hiyo, hana nyingine. Akajibiwa kwa teke apishe njia.

Chakula chake ni ukoko wa sufuria, ikiwa watoto hawakuutaka. Maji hunywa penye mfereji wa maji ya nguo, yenye povu la sabuni. Wala usiniambie kwamba nyumba haijui kumtunza mnyama, kwa maana paka yumo ndani. Paka hulala juu ya kiti ambacho mgeni hualikwa kukikalia baada ya paka kuombwa aondoke. Dagaa wakiletwa, yeye ndiye mwonjaji wa kwanza. Kazi yake ni panya, na panya nimewaona kwa macho yangu wakipita mbele yake kwa mwendo wa watu waendao sokoni. Simwonei paka wivu, lakini nauliza kwa nini mwenye zamu ya usiku alale juani, na asiye na zamu alale juu ya mto.

Kuna jambo la majina pia. Mbwa wengine hupewa majina ya mafumbo yaliyokusudiwa jirani: mmoja huitwa Utajua, mwingine Maneno, na mwenyewe humwita kwa sauti kubwa jirani apitapo. Huko ni kumtumia mbwa kama barua. Lakini jina lipendwalo kuliko yote ni Simba, nalo hapa kwetu lina kichekesho chake. Mwaka 1898, reli ilipokuwa ikijengwa kuvuka mto Tsavo, simba wawili wasio na manyoya ya shingo waliwala wajenzi usiku baada ya usiku, hata kazi ikasimama, mpaka Patterson alipowaua mwezi wa Desemba mwaka ule. Ngozi zao alizifanya mazulia nyumbani kwake kwa muda wa miaka kama 25. Mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Ziko huko hata leo, zimejazwa na kusimamishwa ndani ya kioo, na watu hulipa kiingilio kwenda kuzitazama. Simba aliyekula watu amepewa nyumba ya kioo. Simba wetu wa mlangoni, ambaye hakumla mtu, hana hata kipande cha bati cha kumkinga na mvua.

Mtu atasema kwamba watu wa nchi kavu hawana nguvu ya kuwafadhili wanyama. Naye aende Sagalla, mwendo mfupi kutoka Voi. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, na ndovu hawasomi ramani. Huingia mashambani wakala mahindi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja. Chini ya mlima wa Sagalla, tangu mwaka 2009, wakulima na watafiti wamejaribu ua wa mizinga ya nyuki. Mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba, mmoja kila baada ya mita 10, nayo huunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kumwuliza shida yake. Na ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, humwogopa nyuki. Tazama basi jinsi nyuki alivyofanyiwa. Amejengewa nyumba, amewekewa kivuli juu ya nyumba, mwenye shamba hupita kumkagua, na asali yake huvunwa kwa adabu. Nyuki ni mlinzi aliyelipwa. Mkulima yule yule ana mbwa, ambaye ndiye aliyebweka wa kwanza ndovu alipokuwa bado mbali, naye hulipwa mawe. Nadhani tofauti ni moja tu: tukimkosea adabu nyuki, atatuuma siku ile ile.

Mpaka hapa yamkini umecheka, nami sikuchukii kwa kucheka. Sasa nivumilie kidogo.

Kijana mmoja wa darasa langu aliumwa na mbwa akirudi nyumbani jioni. Hakusema neno. Alifunga jeraha kwa kitambaa, akavaa soksi ndefu, akaja shuleni siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne nikamwona akichechemea katika uwanja wa mpira, nikamwita, nikamvua soksi. Nilipomwuliza kwa nini hakuwaambia watu wa kwao, alinijibu kwa heshima kubwa: "Mwalimu, ningeulizwa nilimfanyia nini mbwa, kisha ningepigwa." Alikuwa amemtupia jiwe. Alimtupia jiwe kwa sababu kila mtu katika njia ile humtupia. Mbwa alikuwa wa nani? Hapana aliyejua. Alikuwa akilala mbele ya nyumba tatu, na wenye nyumba zote tatu walimkana.

Tulimpeleka hospitali, akachomwa sindano zake zote kwa siku zilizopangwa, akapona. Lakini ile siku ya nne sitaisahau, kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo yeye hakulijua. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi vilivyomo katika mate. Vikiingia jerahani husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Safari hiyo yaweza kuwa ya majuma machache au miezi mingi. Kwa desturi huwa miezi miwili au mitatu. Muda wote huo sindano zaweza kumwokoa mtu. Dalili zikiisha kuonekana, dawa hapana. Karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote waliuambukizwa na mbwa. Katika kila watu 10 waumwao na wanyama washukiwao kuwa nao, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Kwa hiyo, msomaji, ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile. Kama wazee wako watakupiga, wakupige ukisharudi.

Chanjo yenyewe si jambo geni. Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza huko Ufaransa mwaka 1885. Hapa Kenya ugonjwa ulithibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912, na mwaka 2014 serikali ilitangaza mpango wa kuumaliza kabla ya mwaka 2030 kuisha. Wataalamu wanatuambia kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza aifahamu. Na sasa nakuja penye kiini cha mashtaka yangu. Ili mbwa achanjwe, sharti kwanza ashikwe. Ni nani atakayemshika? Mbwa aliyezoea teke hashikiki. Akiona mkono umenyoshwa hukimbia, au hung'ata. Siku ya chanjo ikitangazwa, utawaona watoto wachache wakija na mbwa zao kwa kamba, mbwa wametulia kama mbuzi wa maziwa. Hao ndio waliozoea kushikwa. Wengine wote wamebaki majalalani. Daktari wa mifugo ana sindano mkononi, lakini hana mgonjwa.

Tena ugonjwa huanza kwa kubadilika tabia. Mbwa mpole huwa mkali, mbwa mchangamfu hujificha, mate humtoka, sauti hugeuka. Ni nani atakayeona mabadiliko hayo? Ni yule tu aliyekuwa akimtazama kila siku, akimpa chakula kwa mkono wake na kumwita kwa jina lake. Asiyemtazama mbwa wake hajui kama leo ni sawa na jana. Basi bakuli la maji ambalo wakubwa husema ni upuuzi wa watoto, mimi naliita zahanati.

Najua majibu yatakayoletwa, maana nimeyasikia katika chumba cha walimu. La kwanza ni kwamba watu wenyewe hawana chakula. Ni kweli, na mwenye macho aliyeuona ukame wa mwaka 2022 katika kaunti hii hathubutu kulibeza. Lakini asiye na chakula cha mbwa watatu afuge mmoja. Na asiye na cha mmoja, aondoe kibao mlangoni. Umaskini haumlazimishi mtu kupiga teke.

La pili ni la dini. Husemwa kuwa ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Vema, usicheze naye, wala usimwingize. Jirani zangu Waislamu humweka mbwa nje ya nyumba, nami nawaheshimu kwa hilo. Lakini kuwekwa nje si kuteswa. Wao ndio walionisimulia habari za mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Wao pia hunikumbusha vijana waliolala pangoni miaka mingi, na mbwa wao amenyosha miguu kizingitini. Nasi Wakristo tunasoma kwamba Lazaro alipokuwa amelala mlangoni kwa tajiri, waliomkaribia ni mbwa. Tajiri hakutoka.

La tatu ndilo linichekeshalo, kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mimi sikusema mbwa alale kitandani, wala aogeshwe kwa sabuni ya manukato, wala akatiwe keki siku aliyozaliwa. Nimetaja maji, ukoko, kivuli, kamba isiyo fupi na sindano ya kila mwaka. Wawindaji wa zamani katika milima hii hawakwenda porini na mbwa waliyempiga teke asubuhi, kwa sababu walijua kwamba jioni uhai wao utakuwa mikononi mwake. Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Maana yake mbwa ni kioo, na mwenye kuchukia asemavyo kioo anawe uso. Zaidi ya hayo, iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, ikatazayo mtu kumpiga mnyama kikatili au kumwacha na njaa. Si sheria ya Ulaya. Ni yetu, na mtu aweza kushtakiwa kwayo.

Nami sijitoi katika lawama. Nyumbani kwetu, nilipokuwa mdogo, tulikuwa na mbwa mwekundu ambaye kazi yangu ilikuwa kumpelekea makombo. Siku nyingi niliyala mwenyewe njiani, nikarudi na sahani tupu, nikasifiwa.

Juzi nilipita tena penye kibao kimoja nilichokuwa nikikisimamia kila mara. Mtu amekisahihisha kwa mkaa: mbele ya "Kali" ameongeza herufi ya M, kubwa na iliyopinda, na hati ile niliijua, kwa maana nimeisahihisha mwaka mzima. Nilifurahi. Kisha nikatazama chini. Mbwa alikuwa amelala chini ya kibao, ulimi nje, na saa ilikuwa saba za mchana. Nilitafuta bakuli kwa macho upande huu na upande huu, sikuliona.