Aonyeshe Uongo Ulipo

Ndugu mwandishi anadai katika makala yake kwamba viongozi wa dini wakikosoa serikali, nchi itawaka moto. Moto upi? Waraka wa Kwaresima wa maaskofu Katoliki, ulioikosoa serikali, ulitoka Februari 2018. Pasaka ile Walutheri wa KKKT nao wakatoa wao, “Taifa Letu, Amani Yetu”. Waumini walisikiliza, wakarudi nyumbani. Lugha ya nyaraka hizo ilikuwa ya staha kuliko makala hiyo inayowaita maaskofu wachochezi.

Damu ilimwagika Dodoma, Septemba 7, 2017, mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, mtoto wa Singida yetu hii hii, alipomiminiwa risasi. Hakupigwa na askofu wala shehe.

Sisi wa Mtinko hapa Singida, Waislamu na Wakristo, tunabishana siasa na bado tunazikana. Asitutishe kwa vita. Ataje sentensi ipi ya nyaraka hizo ni ya uongo.