Mnada wa Simu na Dau la Uwongo



Dada mmoja wa Voi, fundi wa kushona, ametusimulia habari ambayo kwa idhini yake tunaieleza hapa. Ilipofika zamu yake katika chama, aliazimia kununua cherehani ya pili ili awahi kushona sare za watoto wa madrasa. Katika kundi la WhatsApp la akina mama, ambamo vitu hunadiwa kila Ijumaa usiku, ilitangazwa cherehani iliyotumika kwa bei ya kuanzia shilingi 7,000. Yeye akataja 8,000. Nambari nyingine ikajibu 9,500. Akapanda, nayo ikapanda; kisha nambari ya tatu ikaingia kati. Saa nne usiku mnada ukafungwa, na yeye akapongezwa kwa kushinda kwa shilingi 17,500. Siku ya pili alipopita dukani mjini akaikuta mpya ya aina ile ile ikiuzwa 16,000.

Bei peke yake haikumtia shaka, kwani ushindani hulevya, na wengi wetu tumewahi kulipa zaidi ya tulivyokusudia. Shaka ilimjia wiki mbili baadaye. Nambari zile mbili zilishindana naye mwingine juu ya jiko la gesi la muuzaji yule yule, na safari hii moja yao ikashinda. Siku ya tatu jiko likarejeshwa mnadani kwa maelezo kwamba mnunuzi ameghairi. Dada yetu akarudi nyuma katika mazungumzo ya kundi. Akaona kuwa nambari zote mbili ziliingia kundini siku moja, kwamba hazijawahi kupandisha bei ya bidhaa ya muuzaji mwingine, na kwamba hazikuwahi kuuliza hata mara moja kama kitu ni kizima au kitafikaje kutoka Mombasa. Mtu mwenye nia ya kununua huuliza. Sisi tulioko Voi, na zaidi wenzetu wa Wundanyi na Taveta, hatuwezi kusafiri kwenda kukikagua kila kitu. Tunatumiwa kwa basi, nasi tunapokea tulicholetewa. Umbali huo ndio unaomnufaisha mdanganyifu.

Hila yenyewe ni kongwe kuliko simu. Aliyewahi kununua mbuzi sokoni anamfahamu yule kijana anayejifanya mteja, akataja bei kubwa kwa sauti, kumbe ni mpwa wa mwenye mbuzi. Katika dini yetu jambo hili lina jina: ni najash, yaani kuzidisha bei ya kitu bila nia ya kukinunua, ili mwingine ahadaike. Katazo lake limepokewa kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Mnada wenyewe haukukatazwa. Wanazuoni wengi wanauruhusu, maadamu kila anayetaja bei yuko tayari kuilipa.

Hapa pana jambo ambalo watu wa pwani, tulio wengi wetu Mashafii, yafaa tulijue. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ni kuwa aliyehadaiwa kwa najash hana hiari ya kuvunja mauzo, kwani yeye mwenyewe alizembea kwa kutouliza wajuao bei. Ipo kauli ya pili inayompa hiari ikiwa muuzaji alikula njama na mzidishaji, na Mahanbali humpa hiari akipunjika kupita kiasi. Dhambi ya mzidishaji haina shaka kwa yeyote kati yao. Lakini mwanamke anayenunua kwa simu asitegemee kwamba akishadanganywa mlango wa kurudi utakuwa wazi. Aulize bei dukani kabla ya mnada, ajiwekee kikomo, na akifike anyamaze.

Sheria ya Kenya, kwa upande huu, ni pana zaidi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema kwamba muuzaji asipotangaza wazi kuwa amejiwekea haki ya kutaja bei katika mnada wake, si halali kwake kufanya hivyo wala kumtuma mtu amfanyie. Akifanya, mnunuzi ana ruhusa ya kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya ulaghai. Wala si udanganyifu wa kwetu tu. Mwaka 2000, katika soko la mtandaoni la eBay huko Marekani, mchoro mmoja ulipandishwa hadi dola 135,805 kwa msaada wa majina ya bandia, na mwaka uliofuata wahusika wakashitakiwa.

Kwa hiyo usifute mazungumzo. Piga picha za skrini zenye tarehe, nambari na kila dau, hifadhi ujumbe wa M-Pesa, kisha mwandikie msimamizi wa kundi kwa faragha. Usimtaje mtu mbele ya kundi kabla ya kuwa na hakika, kwa kuwa nambari mbili kuingia siku moja ni dalili tu, na dhana nyingine ni dhambi. Muuzaji akiwa dalali mwenye leseni, malalamiko hupelekwa kwenye bodi inayotoa leseni za madalali. Pesa zikichukuliwa na bidhaa isije kabisa, hilo ni la polisi. Madai ya pesa yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaweza kufikishwa Mahakama ya Madai Madogo. Wengine hukimbilia kwa Kadhi, nasi tunawakumbusha kuwa Katiba imeiwekea mahakama yake mipaka: hadhi ya mtu kisheria, ndoa, talaka na mirathi.

Linalotusumbua zaidi ni kwamba anayezidisha bei mara nyingi si mwizi wa mbali. Ni mimi au wewe, tulioletewa ujumbe: “Shoga yangu, niongezee bei kidogo tu, wala hutalipa.” Tunaona ni msaada kwa rafiki. Tumeyaona haya hata katika minada ya keki ya kuchangia madrasa, ambapo mtu hutaja elfu tano asizokusudia kutoa ili wengine wachangamke. Wanazuoni wetu wa Kishafii hawakuhalalisha najash hata katika mali ya yatima.

Na ndivyo ilivyokuwa Voi. Msimamizi alipomuuliza muuzaji, alikiri kuwa nambari moja ni ya dada yake na ya pili ni laini yake mwenyewe. Alidhani, akasema, kwamba anauchangamsha mnada. Hapakuwa na mnunuzi mwingine wa kweli usiku ule, kwa hiyo bei ya haki ilikuwa ile 8,000 ya mwanzo. Amekwisha kurudisha shilingi 5,000, na 4,500 zilizobaki ameomba asamehewe. Dada yetu bado hajamjibu.