Afande, tuambieni kabla hatujachagua

Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi ya Taifa ya Rwanda,
Kacyiru, Kigali

Afande,

Nakuandikia kutoka Gisenyi, mji ambao mtoto wake huzoea sare za polisi kabla hajazoea za shule. Wanafunzi wangu wengi wameshatumwa Petite Barrière, kivuko chetu cha mpakani, wakapanga foleni na wanaokwenda na kurudi Goma, wakapekuliwa vikapu. Ndiyo maana kila mwaka kidato cha sita kinapokaribia mtihani, swali hili halinikosi: "Mwalimu, nisome nini chuoni ili niwe polisi?"

Kwa miaka mingi nilijibu bila kufikiri: soma sheria. Nilimjibu hivyo hata kijana mmoja aliyekuwa na kichwa cha hesabu. Alikuwa akimpigia mama yake faida ya nyanya, kwa faranga za Rwanda na za Kongo, kabla mama hajafungua mkoba. Akanisikiliza, akaenda kusoma sheria. Alirudi na shahada yake akitaka kuwa mpelelezi chini yako, na hapo ndipo sote wawili tulipojua kwamba tulikuwa tukibisha hodi mlango wa jirani: upelelezi wa jinai ulikuwa umeshahamishiwa RIB, Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, iliyoundwa kwa sheria namba 12 ya Aprili 2017. Kosa lilikuwa langu, simsukumii mtu. Mwalimu alipaswa kusoma Gazeti la Serikali. Alikuwa akisahihisha insha.

Lakini siko peke yangu. Polisi yetu yenyewe ilizaliwa mwaka 2000, kwa kuunganisha gendarmerie, polisi wa komini na wapelelezi waliokuwa chini ya Wizara ya Sheria. Baadaye kazi zikagawanyika tena, ila ulimi wa mtaani haukufuata. Huku kwetu wa RIB ni polisi, wa uhamiaji ni polisi, na kijana wa DASSO, kikosi cha usalama cha wilaya, anayefukuza wachuuzi barabarani naye ni polisi. Mtoto anayechagua shahada kwa kufuata jina hilo moja anachagua gizani.

Ngoja nikuonyeshe jinsi mpaka wenyewe unavyodai masomo mengine. Wanaovusha magendo usiku tunawaita abacoracora. Kumkimbiza mmoja wao kunahitaji miguu mizuri, na vijana wako wanayo. Ila mwenye mzigo halali vichakani. Yuko nyumbani, na biashara yake imo kwenye ankara, kwenye stakabadhi za forodha, kwenye laini tatu za simu ambazo hela za momo, yaani pesa za simu, hupitia. Huyo hakamatwi kwa mbio. Anamtaka mhasibu anayeona kwamba duka la vitenge limenunua vichache na kuuza vingi mno, au mtu wa kompyuta anayejua kumbukumbu za simu husomwaje zikakubalika mahakamani. Yule kijana wangu wa nyanya alizaliwa kwa kazi hiyo, nami nikampeleka kukariri vifungu.

Kisha kuna vituo vya Isange. Tangu kituo cha kwanza kilipofunguliwa Kacyiru mwaka 2009, na vingine kuenea katika hospitali za wilaya, mwanamke aliyepigwa au mtoto aliyebakwa hukutana mahali pamoja na daktari, mwanasaikolojia na mpelelezi. Binti anayeniambia anataka "kulinda watoto" namwelekeza huko siku hizi: uuguzi, saikolojia, ustawi wa jamii. Hushangaa. Hakudhani kwamba hiyo nayo ni njia.

Na lugha je? Nafundisha Kiswahili, kwa hiyo najua utasema navutia kamba kwangu. Sawa, navuta. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi hapa tangu 2017, na hapa barrière kilikuwa rasmi muda mrefu kabla ya Bunge kupiga kura. Julai 2021 Rwanda ilipotuma wanajeshi na polisi 1,000 Cabo Delgado, Msumbiji, walikuta pwani ambako wengi wanaelewa Kiswahili. Mtu akaulizwa njia bila mkalimani. Mwanafunzi mwenye shahada ya lugha asidhani kwamba kazi yake ni chaki tu.

Sisemi kila konstebo awe na shahada. Uingereza na Wales walijaribu kitu cha namna hiyo, kwamba kila anayeingia awe nayo au aisomee kazini, na mwaka 2022 serikali ikataka njia ya wasio na shahada ibaki wazi. Nasema tu kwamba tangazo la kazi linalotafuta wahitimu humkuta kijana ameshahitimu, na shahada haibadilishwi kama shati.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kila mwaka, kabla ya wanafunzi kuomba vyuo, Polisi ikae na RIB na Uhamiaji watoe ukurasa mmoja, kwa Kinyarwanda na Kiswahili: kitengo hiki kinatafuta masomo haya, kwa kazi hii. Ubandikwe kwenye mbao za shule. La pili ni dogo zaidi. Chuo chenu cha Musanze kiko kama kilomita 60 kutoka hapa. Tutumieni ofisa mmoja, Ijumaa mchana, aje aongee na kidato cha sita. Ila asiwe mwanasheria. Mhasibu akipatikana, nitamwita na yule kijana aje akae kiti cha mbele.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili, Gisenyi