KARAKANA NA NYUMBA: Mashine Ndogo Isimeze Akiba Kubwa

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Wengi huitaja methali hiyo wanapozungumzia sukari na mkaa wa nyumbani, lakini haiko mbali na karakana. Askari anayekaribia kustaafu, au polisi ambaye mkewe na wanawe wanatafuta kazi ya mikono ya kuongeza pato, siku hizi aweza kununua mashine ndogo ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta, ambayo hukaa juu ya meza moja imara na kutumia umeme wa kawaida wa nyumba. Bei ya mashine yenyewe huulizwa, hupatanwa na hulipwa mara moja. Visu vyake, koleti zake, jiliwa, vibanio na vipimo hununuliwa kidogo kidogo, leo kimoja na kesho viwili, mpaka jumla ikaribie bei ya mashine au hata kuipita, na hakuna mtu nyumbani aliyeiona fedha ikienda. Ndipo ada ya shule inapotafutwa na kukosekana.

Mashine ya namna hiyo haina uchawi. Kompyuta huisogeza meza kushoto na kulia, mbele na nyuma, na kukipandisha au kukishusha kisu kinachozunguka, kwa hesabu iliyoandikwa kabla. Ya kwanza ilionyeshwa Marekani katika chuo cha MIT mwaka 1952, nayo iliongozwa kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Leo hata programu ya kuiongoza yaweza kupatikana bila malipo: ile iitwayo LinuxCNC, iliyotokana na kazi ya taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, hutolewa bure, na FreeCAD ya kuchorea vilevile. Huo ni uwekevu wa kwanza, nao haumpunguzii fundi kitu.

Tundu la mhimili kwanza

Kabla ya kununua chombo chochote, yampasa fundi ajue umbo la tundu la mhimili unaoshika kisu. Mashine ndogo nyingi zina tundu la aina ya R8 au la Morse namba 3. Jina la Morse latokana na Stephen A. Morse wa Marekani, aliyepewa hataza ya keekee yenye mifereji ya kujisokota mwaka 1863. Kishikio cha R8 hakikai katika tundu la Morse, wala cha Morse hakikai katika R8. Anayeagiza bila kuuliza hulipa mara mbili, kwani nauli ya kurudisha mzigo yaweza kuzidi thamani ya kitu chenyewe.

Baada ya hapo, kishikio kimoja cha koleti chatosha kuanzia. Koleti ni bomba fupi la feleji lililopasuliwa pasuliwa, ambalo hubana shina la kisu pande zote nati inapokazwa. Koleti za aina ya ER, zilizowekewa kipimo cha Ujerumani cha DIN 6499, hutengenezwa na viwanda vingi, na za ER32 hushika mashina ya milimita 2 hadi 20. Wauzaji hupenda kuuza sanduku zima la koleti 18. Lakini fundi anayechagua visu vyenye mashina ya milimita 6, 10 na 12 tu ahitaji koleti 3. Nyingine hununuliwa siku kazi ya mteja itakapozidai na kuzilipia. Koleti nayo hudumu ikitunzwa: hutiwa kwanza ndani ya nati mpaka isikike ikishika, ndipo kisu kiingizwe. Nati haikazwi kamwe koleti ikiwa tupu, kwa maana hupotoka na haitashika tena sawasawa.

Kisu cha bei kubwa si lazima kiwe bora

Visu viko vya namna mbili hasa. Kuna vya feleji ya kasi, vilivyoandikwa HSS kwenye shina, na kuna vya kabaidi, ambavyo ni vigumu zaidi na ghali zaidi. Wengi hudhani kabaidi ni bora siku zote. Hesabu yasema vingine.

Kasi ya mhimili hupatikana hivi: kasi ya kukata kwa mita katika dakika huzidishwa mara 1,000, kisha hugawanywa kwa 3.14 mara upana wa kisu kwa milimita. Kisu cha HSS katika chuma laini hukata vema kwenye mita 25 hivi. Kwa hiyo kisu cha milimita 10 chataka mizunguko 800 hivi kwa dakika, kiasi ambacho mashine yoyote ndogo hukitoa bila shida. Kabaidi katika chuma hicho hicho huanzia mita 80 na zaidi. Kisu chake cha milimita 6 kingetaka mizunguko 4,200 na ushei, hali mhimili wa mashine nyingi ndogo hukomea kwenye 2,500 hivi. Mwenye kununua kabaidi hapo amelipia mwendo asioweza kuutumia. Isitoshe, kabaidi hupasuka kama kauri inapotikiswa, na mashine nyepesi haikosi kutikisika. Kwa karakana ya nyumbani, basi, visu vinne au vitano vizuri vya HSS vyafaa kwa kazi nyingi, na kabaidi iwekwe kwa chuma kigumu au kazi maalumu. Vya meno mawili au matatu ni vya alumini, ili maranda yapate nafasi ya kutoka. Vya meno manne ni vya chuma.

Kuna na kosa la kumwonea kisu huruma. Fundi mgeni huiendesha meza polepole mno akidhani anakitunza. Kumbe jino lisipokula kiasi cha kutosha husugua tu, likapata moto na kupoteza makali. Kisu cha HSS cha meno manne, kwa mizunguko 800, kila jino likila milimita 0.04, chataka meza iende milimita 128 kwa dakika. Ikiwa mashine yalia na kutetemeka, hupunguzwa kina cha mkato kwanza.

Kila programu mpya ijaribiwe angani, kisu kikiwa juu ya kazi bila kuigusa, kisha katika kipande cha mti mlaini. Kibao cha kutupwa huokoa kisu cha fedha.

Mashine huzaa vyombo vyake

Vyombo vingi vinavyouzwa katika visanduku vya kupendeza vyaweza kuchongwa na mashine ile ile katika majuma yake ya kwanza, nayo ni mazoezi mazuri kwa kijana anayejifunza. Vibanio vya kushikia kazi huchongwa kwa vipande vya chuma bapa. Nati za kuingia katika mifereji ya meza, zenye umbo la herufi T iliyopinduliwa, huchongwa kwa chuma laini. Midomo ya akiba ya jiliwa hutengenezwa kwa alumini, ikachongwa kufuata umbo la kazi ili kushika kitu cha mviringo au chembamba bila kukikwaruza. Hata kisu kipana cha kusawazisha uso, ambacho dukani ni ghali, chaweza kubadiliwa kwa kipande cha mhimili wa chuma chenye tundu la mshazari, kinachoshika kijiti kimoja cha HSS kilichonolewa kwenye jiwe la umeme. Huenda taratibu kuliko kile cha dukani, lakini huacha uso laini.

Chuma chakavu ni rafiki mwenye hila

Mafundi wa Katwe mjini Kampala, kama wale wa Gikomba mjini Nairobi, wamejulikana miaka mingi kwa kugeuza chuma chakavu kuwa bidhaa. Mwenye mashine ndogo naye afaidika na njia hiyo, maadamu apime kabla ya kukata. Springi ya gari, ambayo wahunzi huifulia panga na visu, ni feleji iliyotiwa ugumu, na yaweza kumaliza kisu kipya kwa dakika moja. Kipimo chake ni tupa: ikiteleza bila kuuma, chuma hicho kisipelekwe mashineni. Huchomwa kwanza kikawa chekundu, kikafukiwa katika majivu makavu na kuachwa kipoe polepole hadi kesho yake. Ndipo tupa itauma, na kisu kitakata.

Vyuma vilivyomiminwa katika mchanga vina ngozi ngumu yenye chembe za mchanga. Mkato wa kwanza uzame chini ya ngozi hiyo. Ukipapasa juu juu tu, makali yatakwisha. Alumini nayo hupenda kunata katika meno ya kisu. Mafuta ya taa kidogo, yakipakwa kwa brashi, huzuia jambo hilo, mradi moto, jiko na sigara viwe mbali, na dirisha liwe wazi.

Pasipofaa ubahili

Kuna mambo manne ambayo rahisi yake ni ghali. La kwanza ni miwani ya kukinga macho. Kila anayekaribia mashine aivae, na watoto wasikaribie hata kidogo. Glavu hazivaliwi mhimili unapozunguka, wala mikono mirefu ya shati haiachwi wazi, kwa kuwa chombo kikishika kitambaa huvuta na mkono. Maranda huondolewa kwa brashi baada ya mashine kusimama. La pili ni jiliwa: ikilegea, kazi huruka na kisu huvunjika, kwa hiyo afadhali moja nzuri kuliko tatu dhaifu. La tatu ni kipimo. Kalipa nzuri moja na saa ya kupimia yenye kituo cha sumaku hulipa gharama yake, kwani kazi iliyopimwa vibaya hutupwa pamoja na chuma chake. La nne ni waya wa ardhi wa umeme, nao uwekwe na fundi wa umeme aliyehitimu.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, hesabu ya mahali kisu kilipo hupotea. Dawa ya bei nafuu ni kizuizi kidogo kilichokazwa kwenye kona ya jiliwa, kiwe ndicho mwanzo wa kila kipimo. Umeme ukirudi, kisu huinuliwa kwanza, mwanzo huo hutafutwa upya, na kazi huendelea bila kuharibika.

Daftari la vyombo

Mwisho, karakana isiyo na daftari ni mfuko uliotoboka. Kila kisu kiandikwe siku kilipoanza kazi, bei yake, na idadi ya vitu kilivyochonga hadi kilipokufa. Kwa mfano, kisu cha shilingi 30,000 kikichonga mifereji ya kabari katika shafti 60, kila shafti imebeba shilingi 500 za kisu. Kisu cha shilingi 12,000 kikivunjika baada ya shafti 8, kila moja imebeba shilingi 1,500. Kile kilichoonekana nafuu dukani kimekuwa ghali mara tatu, na bila daftari hakuna ambaye angejua. Hesabu hiyo ndiyo pia imwezeshayo fundi kumtajia mteja bei ya haki.

Yafaa daftari hilo likae nyumbani, lisikae mfukoni mwa mtu mmoja. Askari hupokea amri leo na kesho akawa mpakani au ng'ambo kwa miezi mingi. Mke au kijana anayebaki na mashine akiwa na maandishi hayo, atajua kisu kipi kinunuliwe tena, kipi kisinunuliwe kamwe, na kiasi gani cha mapato kiwekwe kando kila mwezi kwa ajili ya vyombo. Fedha ya vyombo ikitengwa namna hiyo, haitaingia katika ada ya shule, wala ada haitaliwa na karakana. Na kiinua mgongo kilichotafutwa kwa miaka ya utumishi kitaendelea kuilisha nyumba.