Kolwezi: Wanunuzi wa jipu, bwate kwanza, rangi kisha

Katika muji wa Kolwezi, mutu akipata feza kidogo kwenye kazi ya mugodi ao kwenye biashara, kitu cha kwanza anatafuta ni jipu. Anaangalia rangi, anapiga magurudumu teke, anasoma kilometa, anauliza kama baridi ya ndani inatoka muzuri. Lakini haulizi bwate ya vitesi yenye iko chini ni ya aina gani. Kisha miezi michache, jipu inasimama usiku kati ya Fungurume na Kolwezi, kwenye barabara ya kitaifa namba 39, na malori ya shaba na ya asidi yanaipita karibu sana. Wakati huo kila mutu analaumu shofa. Lawama hiyo haiko ya haki. Kosa lilianza siku ya kununua.

Land Cruiser ya aina ya 100, yenye ilitengenezwa tangu 1998 mupaka 2007, ina uzito wa karibu tani mbili na nusu mbele ya mutu hata mumoja kuingia. Ukiweka watu saba, mifuko ya unga na jenereta, inapita tani tatu. Tena Kolwezi iko karibu mita 1,450 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini yenye haina turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo shofa anakanyaga zaidi. Bwate ya otomatiki haina ambreyaji ya muguu. Kuko konvertiseri, yenye inapitisha nguvu kwa kusukuma mafuta. Kila mara konvertiseri inateleza, nguvu inageuka kuwa joto. Joto hilo ndilo linaua bwate, kuliko hata mashimo ya barabara.

Hapa ndipo inafaa kuelewa ovadraivu, ile vitesi ya ine yenye kuwa na kitufe cha O/D. Katika bwate ya Toyota A340, injini ikiwa kwenye vitesi hiyo inazunguka karibu mara 0.7 tu, na wakati huo shimo lenye kupeleka nguvu nyuma linazunguka mara moja. Kwenye lami ya kunyooka na muzigo mudogo, hiyo ni faida: injini inapumzika, esansi inabaki. Lakini kwenye mulima, na remoroki nyuma, bwate inapanda ya ine, inashindwa, inarudi ya tatu, inapanda tena. Mafuta yanachemka. Kitufe cha O/D OFF kiliwekwa kwa sababu hiyo hiyo, ili bwate ibaki ya tatu. Kuko mashofa wenye hawajawahi kukigusa. Kuko na wengine wenye wanatembea na taa ya O/D OFF inawaka kila siku, na patro anashangaa kwa nini jipu inakunywa esansi sana.

Basi mununuzi achague gani? Kwa motokari nzito ya Kolwezi, jibu ni bwate ya zamani ya vitesi ine, yenye iliundwa kwa kubeba. A442F iko ndani ya Land Cruiser nyingi za aina ya 80 na ndani ya aina ya 100 za kwanza za mazuti. A343F, ya kundi moja na A340, iko ndani ya aina ya 80 za mwisho na ndani ya aina ya 100 za esansi za miaka ya kwanza. Zote zina ovadraivu, na fundi wa hapa mwenye kujua kazi anaweza kuzifungua. A750F ya vitesi tano, yenye ilifuata, ni bwate nzuri pia. Lakini nyingi hazina kijiti cha kupimia mafuta, na zinaomba mafuta yao ya pekee. Mwenye hawezi kupata mafuta hayo kila wakati, aiache.

Watu wa Marekani walikwisha kulipa bei ya somo hili. Mwaka wa 1982 General Motors walitoa 700R4, bwate ya vitesi ine yenye ovadraivu. Ilipunguza esansi, lakini zile za miaka ya kwanza hazikuvumilia kazi nzito. Kwa malori mazito wakatoa 4L80-E mwaka wa 1991, yenye ilitokana na Turbo-Hydramatic 400 ya 1964. Walichukua bwate ya zamani yenye nguvu, wakaiongezea ovadraivu.

Kuko wenye watasema bwate mpya za vitesi nane zinakunywa kidogo. Ni kweli. Lakini kompyuta yake ikikataa, ni garaji gani ya Manika ao ya Dilala itaisoma? Na zile za mukaba wa chuma, zenye kuitwa CVT, ni za motokari ndogo za muji; haziko za kuvuta remoroki ya simenti.

Uongo mwingine wenye unapaswa kuisha ni ule wa mafuta ya maisha. Maisha ya nani? Mafundi wana kanuni: kisha nyuzi 80, kila nyuzi 10 za kuongezeka zinakata maisha ya mafuta kwa nusu. Jipu yenye kubeba kila siku inapaswa kubadilishiwa mafuta ya bwate, na kuwekewa kipoza mafuta cha pembeni, mbele ya radiyateri. Kifaa hicho ni bei kidogo sana ukilinganisha na bwate nzima.

Siku ya kununua, vuta kijiti. Mafuta mekundu ni muzuri. Yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, ondoka. Yakifanana na maziwa, maji ya radiyateri yaliingia, ondoka mbio. Washa injini ikiwa baridi, weka D, kisha R: ikikawia kushika, bwate imechoka. Muuzaji mwenye anakataza kuvuta kijiti amekwisha kujibu.

Na mapatro wenye kukodisha jipu kwa makampuni ya migodi waache kukata mushahara wa shofa kila mara bwate inaungua. Shofa hakuchagua motokari, hakukataa kununua kipoza, hakuamua watu tisa waingie mahali pa saba. Mwenye alichagua ndiye anapaswa kulipa.